Haswell kwenye FreeBSD: miaka mitatu ya kusubiri picha

Chukua laptopu yenye Haswell, prosesa ya Intel, ya mwishoni mwa 2013, uiwekee FreeBSD, mfumo endeshi huria wa ukoo wa Unix, katika toleo 10.0 lililotoka Januari 2014. Usakinishaji unakwenda vizuri, diski inasomeka, kibodi inaitika. Kisha unawasha mazingira ya grafiki. Skrini yenye nukta 1366 kwa 768 inakuonyesha picha ya 1024 kwa 768 iliyovutwa ubavuni mpaka herufi zimenenepa. Video inakwenda kwa kukwamakwama, na feni inavuma kwa sababu prosesa inachora kila nukta yenyewe huku kitengo cha grafiki kilichomo ndani yake kimekaa bure. Ukichomeka skrini ya pili, kimya. Ukifunga kifuniko mashine inalala. Ukikifungua inaamka, lakini skrini inabaki nyeusi.

Mashine hiyo hiyo ukiiwasha kwa flashi yenye Linux ya wakati ule, hakuna hata moja kati ya matatizo hayo linalojitokeza.

Haswell iliingia sokoni Juni 2013. Toleo rasmi la kwanza la FreeBSD lililoitambua grafiki yake lilikuwa 11.0, Oktoba 2016. Hiyo ni miaka mitatu na miezi minne, muda unaotosha laptopu kuanza kuchoka betri.

Nakirudia kisa hiki kwa kuwa mara nyingi husimuliwa kombo. Wapo wanaosema mtengenezaji alificha siri za maunzi yake. Si kweli: draiva ya Intel kwa Linux, yaani programu inayokiendesha kifaa, ilikuwa wazi mstari kwa mstari, na kampuni ilichapisha hata vitabu vya marejeo vya grafiki ya Haswell. Wapo wanaosema watu wa FreeBSD ni watu wa seva, skrini haiwahusu. Hilo lina punje ya ukweli, ila halielezi miaka mitatu. Ukifuata tarehe moja baada ya nyingine, unakuta sababu imekaa kwenye namna kazi yenyewe ilivyokuwa ikifanywa.

Deni la 2009

Zamani, X, programu inayoonyesha madirisha kwenye mifumo ya ukoo wa Unix, ndiyo iliyogusa maunzi ya grafiki moja kwa moja, na kerneli, kiini cha mfumo, ikakaa pembeni. Linux iliubadilisha mpango huo kwa hatua mbili: Desemba 2008, katika toleo 2.6.28, kerneli ilianza kusimamia kumbukumbu ya grafiki kupitia mfumo uitwao GEM. Machi 2009, katika 2.6.29, ikachukua pia kazi ya kuipanga skrini, ile inayojulikana kama KMS. Tangu hapo kerneli ndiyo inayoamua skrini iwe na nukta ngapi, ndiyo inayopokea amri za kuchora kutoka kwa programu, na ndiyo inayorudisha kila kitu mahali pake mashine ikiamka. Ile skrini nyeusi baada ya kufungua kifuniko inatoka hapa: bila draiva ndani ya kerneli, hakuna wa kuiwasha tena.

Ulikuwa uamuzi mzuri, sina ubishi nao. Lakini mwanzoni mwa 2010 draiva ya Intel ya upande wa X, toleo 2.10, iliacha kabisa njia ya zamani. Mfumo wowote ambao kerneli yake haikuwa na KMS ulifungiwa nje ya matoleo yote yaliyofuata. FreeBSD ilibaki na 2.7.1.

Sandy Bridge, prosesa ya Intel ya Januari 2011, ikaikuta hapo hapo. FreeBSD Foundation ililipia kazi ya kuileta KMS, Konstantin Belousov akaifanya, ikaingia kwenye tawi kuu la msimbo Mei 2012 na kufika kwa watumiaji wa kawaida katika 9.1, mwisho kabisa wa Desemba mwaka huo. Ivy Bridge, iliyokuja kati ya Sandy Bridge na Haswell, nayo ilihudumiwa. Kwa Sandy Bridge pengo lilikuwa karibu miaka miwili, na watu walishusha pumzi wakidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha hata kwenye jambo dogo la kurudi kwenye maandishi. Koni ya zamani ya FreeBSD haikuijua KMS, kwa hiyo ukishaingia kwenye X huwezi kurudi. Ukitoka unakutana na giza na kuandika amri kwa kubahatisha. Koni mpya, vt, ilifika katika 9.3 na 10.1, yote ya 2014.

Namba peke yake haitoshi

Kila kifaa cha PCI hujitambulisha kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na moja ya kifaa. Ya Intel ni 8086. Draiva hubeba orodha ya namba inazozijua. Isiyokuwamo huachwa, na mfumo unarudi kwenye draiva ya vesa, inayoomba picha kwa BIOS na kuridhika na kile inachopewa. Kwa hiyo swali la kwanza la kila mtu lilikuwa: kwa nini wasiongeze namba za Haswell kwenye orodha tukamaliza?

Ukitazama upande wa uchoraji, swali lina mantiki. Intel huhesabu grafiki ya Ivy Bridge kuwa kizazi cha 7 na ya Haswell kizazi cha 7.5, na nusu hiyo inasema kweli: amri za kuchora zinafanana kwa sehemu kubwa. Mambo yanaharibika upande wa skrini. Hadi Ivy Bridge, milango mingi ya picha ilikaa kwenye chipu ya pili ya ubao mama, PCH, na prosesa iliipelekea picha kupitia kiungo kiitwacho FDI. Haswell iliihamisha milango ya kidijitali, HDMI na DisplayPort, ikaiingiza ndani ya prosesa chini ya mpangilio mpya unaoitwa DDI. Kwenye PCH ilibaki VGA tu. Rejista, zile nafasi ndani ya kifaa ambazo draiva huzisoma na kuziandikia amri, zikawa nyingine, vyanzo vya mapigo ya saa vingine, na mfuatano wa hatua za kuuwasha mlango ukawa mwingine kabisa.

Kuna na suala la umeme. Haswell inaweza kukata umeme kwenye sehemu nzima ya mtambo wa skrini wakati haitumiki. Draiva isiyojua hilo husoma rejista iliyo upande uliokatwa umeme, hupata jibu la ovyo, kisha hutenda kulingana na jibu hilo.

Ukiongeza namba bila kuongeza maarifa hayo, draiva itazungumza Ivy Bridge na kifaa kisichoielewa. Mwenye vesa angalau alikuwa na picha iliyonenepa.

Maarifa yenyewe yalikuwapo. Msimbo wa kwanza wa Haswell uliingia Linux katikati ya 2012, karibu mwaka mzima kabla ya prosesa kuuzwa. Uko wazi na yeyote anaweza kuusoma. Tena leseni yake si kikwazo, na hapa wengi hushangaa: kerneli ya Linux kwa jumla iko chini ya GPL, leseni inayotaka msimbo unaotokana nayo ufuate masharti yale yale, lakini msimbo wa i915, ndiyo draiva yenyewe ya Intel, pamoja na sehemu kubwa ya DRM, mfumo wa grafiki wa kerneli unaoubeba, uko chini ya leseni ya MIT iliyo legevu, kwa sababu ya ujamaa wake wa zamani na ulimwengu wa X. FreeBSD ingeweza kuuchukua bila kuogopa mwanasheria.

Kutafsiri kwa mkono

Kuuchukua ni jambo moja. Kuufanya uishi kwenye kerneli nyingine ni jambo la pili, na miaka yote mitatu ilipotelea hapo.

Draiva ya Linux imejaa mambo ya Linux. Inaomba kumbukumbu kwa namna ya Linux, inafunga kufuli za Linux, inaahirisha kazi kwenye foleni za Linux, inategemea jinsi Linux inavyopanga kurasa za kumbukumbu. FreeBSD ina vifaa vyake kwa kila kimoja cha hivyo, vinavyofanana kwa kazi lakini si kwa tabia. Njia iliyotumika kwa Sandy Bridge, na ambayo ilirithiwa, ilikuwa kufungua kila faili na kulitafsiri: kufuli hii iwe ile, foleni hii iwe ile, kipande hiki cha kumbukumbu kiandikwe upya kwa sababu kule hakina mwenzake.

Matokeo yake ni msimbo mzuri, unaosomeka kama umezaliwa FreeBSD. Na uzuri huo ndio mtego. Kila faili lililotafsiriwa linaachana na la asili. Linux inapotoa toleo jipya baada ya wiki tisa au kumi, huwezi kuchukua tofauti na kuibandika. Lazima uzitafsiri tofauti zenyewe, moja moja, juu ya tafsiri yako ya zamani, huku ukikumbuka kwa nini mahali fulani ulikwenda kinyume. Waliokuwa wakifanya hivyo walikuwa wachache, wengine wao kwa muda wa jioni zao. Jean-Sébastien Pédron, aliyekuwa ameileta draiva ya Radeon, kadi za grafiki za AMD, katika FreeBSD 10.0, ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa hatua iliyofuata.

Angalia tarehe. Machi 2015 sehemu ya pamoja ya DRM, ile isiyofungamana na kifaa chochote, ililetwa kwenye kiwango cha Linux 3.8. Draiva ya i915 yenyewe ilifika kiwango hicho Machi 2016, na hapo ndipo Haswell ikapata huduma ya mwanzo. Linux 3.8 ni ya Februari 2013. Mwezi ule ule wa Machi 2016 Linux ilitoa 4.5.

Miaka mitatu ya kupanda, na umbali haukupungua. Wakati kazi inaingia kwenye tawi kuu, Broadwell, mrithi wa Haswell, ilikuwa na zaidi ya mwaka sokoni na Skylake ilitoka Agosti 2015. Wakati 11.0 inatolewa rasmi, Intel ilikuwa imekwisha kutangaza Kaby Lake. Aliyekwenda dukani siku ile kutafuta laptopu mpya ya kuwekea FreeBSD 11.0 hakupata inayofaa, kwa sababu Haswell zilikuwa zimeondoka rafuni.

Kwangu mimi, kushindwa kwenyewe kuko hapo, na si kushindwa kwa mtu. Tafsiri ya mkono inamfaa mwandishi anayetafsiri kitabu kilichokwisha kuandikwa. Hiki kilikuwa kitabu ambacho mwandishi wake, akiwa na timu ya watu wanaolipwa, anaongeza sura kila baada ya miezi miwili na kurudi kuzirekebisha za nyuma.

Kugeuza meza

Suluhisho lilitoka mahali pasipohusiana na skrini. Mwaka 2011 FreeBSD ilipokea programu za InfiniBand, mitandao ya kasi ya vituo vya data, zilizoandikwa kwa ajili ya Linux. Badala ya kuzitafsiri, walioshughulika nazo waliandika tabaka jembamba linaloiga miito ya kerneli ya Linux: draiva inaita jina la Linux, tabaka linapokea na kuita kitu cha FreeBSD. Tabaka hilo likaja kuitwa LinuxKPI. Mwishoni mwa 2015 lilitolewa kwenye kona ya InfiniBand na kuwekwa mahali pa wote.

Mwaka 2016 Matthew Macy alichukua wazo hilo na kulielekeza kwenye grafiki. Tafsiri mazingira, iache draiva ilivyo. Kazi ya mwanzo ni kubwa zaidi, kwa sababu i915 inaita vitu vingi kuliko draiva ya mtandao, na baadhi yake, hasa mambo ya kumbukumbu, havikuwa na mfano upande wa pili. Lakini kila mwito ukishaigwa, umeigwa. Toleo linalofuata la Linux linadai tu ile miito mipya.

Tofauti ilionekana haraka. Tawi la majaribio la Macy lilikuwa likiendesha draiva za kizazi cha Linux 4.6 na 4.7 mwaka ule ule ambao tawi rasmi lilikuwa linasherehekea 3.8. Mwaka 2018 moduli hizo ziliingia kwenye mkusanyiko wa vifurushi, na FreeBSD 12.0 ya Desemba mwaka huo ilipata draiva za kiwango cha Linux 4.16, toleo la Aprili. Pengo la miaka mitatu likawa miezi minane. Kufikia 13.0, Aprili 2021, zile draiva za mkono zilikuwa zimeondolewa kwenye mfumo wenyewe.

OpenBSD, mfumo ndugu wa FreeBSD, kwa kulinganisha, huweka draiva ndani ya kerneli yake na kuzileta pamoja na toleo. Nayo iliwahi kubanwa: Skylake na Kaby Lake zilihudumiwa katika 6.2 ya Oktoba 2017, kwa msimbo wa Linux 4.4. Baadaye ilijiwekea mwendo, ikafuata yale matoleo ya Linux yanayotunzwa kwa muda mrefu: 6.6 katika OpenBSD 7.5 ya Aprili 2024, 6.12 katika 7.7 ya Aprili 2025.

Gharama ya tabaka

Njia mpya haikuja bure. Draiva zilihamia nje ya mfumo mkuu, kwenye kifurushi cha drm-kmod, kwa sababu mbili: zinabadilika haraka kuliko matoleo ya FreeBSD, na vipande vichache vya usaidizi vilikuwa vya GPL ambavyo mradi haukutaka ndani ya nyumba. Moduli ya kerneli iliyo nje ya kerneli ni kitu chenye wivu. Imejengwa dhidi ya kerneli fulani na inaitaka hiyo hiyo. Vifurushi vya FreeBSD kwa kawaida hujengwa juu ya toleo dogo la zamani linalotunzwa bado, kwa hiyo mtu aliyepanda toleo dogo mapema alipakia moduli ya kerneli ya jana kwenye kerneli ya leo, na mashine ikaanguka wakati wa kuwaka. Dawa ya miaka mingi ilikuwa kujijengea moduli kutoka msimbo wake. Baadaye mradi ulifungua hazina ya pekee ya moduli, zinazojengwa kwa kila toleo dogo.

Kisha kuna femwea, ile programu ndogo ambayo draiva huipakia ndani ya kifaa kabla hakijafanya kazi. Haswell haikuhitaji yoyote kwa grafiki. Kuanzia Skylake, usimamizi wa umeme wa skrini unataka faili lake, na chipu za karibuni za Intel hukabidhi upangaji wa kazi za uchoraji kwa GuC, kiprosesa kidogo kinachoendeshwa na femwea. Kwa AMD na draiva yake ya amdgpu mambo ni makali zaidi, maana bila femwea hakuna uchoraji. Kwa hiyo siku hizi mtu anaweza kuwa na draiva sahihi na bado akakosa picha kwa sababu ya faili moja la femwea. Nashauri kila mara kusoma ujumbe wa kerneli mpaka mwisho kabla ya kulaumu draiva.

Hesabu ya leo

Faida kubwa niliyoiona katika kisa hiki ni kwamba swali la "je, FreeBSD inaijua prosesa yangu?" limegeuka hesabu. Majina ya vifurushi yanajieleza: drm-510-kmod ni Linux 5.10, drm-515-kmod ni 5.15, drm-61-kmod ni 6.1, drm-66-kmod ni 6.6. Unachohitaji ni kujua prosesa yako ilikamilika katika Linux ipi.

Chukua Meteor Lake, iliyozinduliwa Desemba 2023. Ndani ya i915 kuna alama inayosema kifaa fulani bado kiko jikoni. Draiva inakiona, inaandika onyo, kisha inakiacha mpaka mtumiaji ailazimishe kwa kigezo cha force_probe pamoja na namba ya kifaa, kwa mfano 7d55. Alama hiyo iliondolewa kwa Meteor Lake katika Linux 6.7 ya Januari 2024. Sita nukta saba. Mwenye drm-66-kmod amekosa kwa toleo moja. Namba yake imo kwenye orodha, msimbo mwingi umo, lakini akilazimisha anaendesha kazi ambayo waandishi wake wenyewe hawakuwa wameitia sahihi. Wengine hulazimisha na mambo yakaenda. Mimi nisingeifanya kwenye mashine ya kazi.

Lunar Lake, ya Septemba 2024, haina hata mlango huo wa nyuma. Grafiki yake inaendeshwa na draiva mpya iitwayo xe, iliyoingia Linux katika 6.8 na kuanza kuitambua Lunar Lake bila kulazimishwa katika 6.12. Ndani ya 6.6 hakuna xe ya kulazimisha. Hapa tatizo la 2013 linarudi kwa sura nyingine: i915 ilikuwa na miaka ya miito iliyokwisha kuigwa, ilhali xe ni draiva iliyoandikwa upya, yenye miito yake, na lazima tabaka liongezewe kabla haijapakiwa.

Na ile laptopu ya Haswell? Kwa drm-kmod inapata nukta zake zote 1366 kwa 768, skrini ya pili inaitika, na haiombi hata faili moja la femwea. Upande wa Mesa, maktaba ya uchoraji iliyo nje ya kerneli, draiva yake ya zamani ya OpenGL iliondolewa mwaka 2022, ikaachiwa nafasi crocus, iliyoandikwa kwa ajili ya vizazi hivyo vilivyostaafu. Msimbo unaoiwasha skrini yake umetoka kwenye draiva ile ile ya Linux, haukuguswa na mtafsiri.